Mtu Wetu Serikalini: Funzo la Mkulima wa Mayo



Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia nchini mwetu, wimbo mmoja huimbwa kutoka pwani hadi ziwani. Wimbo huo wasema hivi: tumpeleke mtu wetu serikalini, apewe wizara, nasi tutakuwa tumefika. Huimbwa na wazee katika mabaraza, huimbwa na matajiri katika hoteli, na huimbwa kwa sauti ya juu kuliko zote na yule anayetaka kupelekwa. Na wizara inayotamaniwa zaidi, aghalabu, ni ile ya ardhi. Sisi twasema kwamba huo ni wimbo wa kumbembelezea mtoto alale na njaa.

Ili asije mtu akadhani kwamba twasema kwa chuki dhidi ya fulani au kabila fulani, tumechagua kutolea hoja yetu mfano wa nchi ya mbali. Nchi hiyo ni Ayalandi, ambayo kama yetu ilitawaliwa na Mwingereza, ambayo kama yetu ilipigania uhuru kwa damu, na ambayo kama yetu iliona ardhi kuwa ndiyo roho ya uhuru wenyewe. Mtu tutakayemtazama ni Joseph Blowick, mkulima wa kaunti ya Mayo, aliyepata kuwa Waziri wa Ardhi mara mbili. Tutamtazama bila kumtukuza na bila kumtukana. Maisha yake ya siasa yana jibu la wimbo tulioutaja.

Blowick alizaliwa mwaka 1903. Mwaka huohuo bunge la Uingereza lilipitisha sheria kubwa ya kuwakopesha wapangaji wa Ayalandi fedha za kununulia mashamba kutoka kwa mabwanyenye. Sheria hiyo haikutoka katika huruma ya wakubwa. Ilitoka katika vita vya wanyonge, na vita hivyo vilianzia Mayo kwenyewe. Huko Straide ndiko alikozaliwa Michael Davitt mwaka 1846, ambaye jamaa yake ilifukuzwa katika shamba walilokuwa wamepanga. Huko Castlebar ndiko ilikoanzishwa Ligi ya Ardhi ya Mayo mwezi Agosti mwaka 1879, kabla haijaenea nchi nzima miezi miwili baadaye. Na huko Mayo ndiko wapangaji walikomsusia msimamizi wa mashamba aliyeitwa Boycott mwaka 1880, wakakataa kumvunia, kumwuzia na hata kumsalimu, hata jina lake likageuka kuwa neno la Kiingereza la kususia. Blowick alikuwa mwana wa udongo huo.

Lakini ardhi ilipotoka mikononi mwa mabwanyenye haikuwafikia watu wote kwa kipimo kimoja. Upande wa magharibi, ambako Mayo iko, jamaa nyingi ziliachwa na vishamba vidogo vya mawe na tope, tena vilivyotapakaa: kipande hapa, kipande kule ng'ambo ya mto, kingine nyuma ya shamba la jirani. Upande wa mashariki, katika kaunti kama Meath, kulikuwa na malisho mapana ya ng'ombe yenye udongo mnono. Ayalandi ilipojitawala mwaka 1922, wakulima wadogo wa magharibi walitazamia kwamba uhuru ungewasawazishia mizani hiyo. Sheria ya mwaka 1923 iliipa Tume ya Ardhi nguvu kubwa zaidi, nayo Tume ikagawa mashamba mengi. Mwaka 1935 jamaa 27 kutoka Connemara zilihamishiwa Ráth Chairn, kule Meath, zikapewa mashamba na nyumba. Hata hivyo, wenye njaa ya ardhi walikuwa wengi, nayo ardhi ya kugawiwa ilikuwa chache.

Mwaka 1932 Éamon de Valera na chama chake cha Fianna Fáil walitwaa serikali kwa kura, na mioyoni mwa wakulima wadogo wengi huyo alikuwa mkombozi. Aliwapunguzia nusu ya malipo waliyokuwa wakilipa kwa mashamba yao, akakataa kupeleka fedha hizo Uingereza. Mwingereza akalipiza kwa kutoza kodi ng'ombe wa Ayalandi, na ugomvi huo wa kiuchumi ukaendelea hadi mwaka 1938. Miaka ikapita. Mkombozi akazoea kiti. Wakulima wa magharibi wakaona watoto wao wakiendelea kupanda meli kwenda kutafuta vibarua Uingereza, ilhali chama kilichowaahidi ardhi kikitawala mwaka baada ya mwaka.

Ndipo mwaka 1939, katika mji wa Athenry, kaunti ya Galway, mkulima Michael Donnellan na wenzake wakaanzisha chama chao wenyewe. Wakakiita Clann na Talmhan, yaani Ukoo wa Ardhi. Katika uchaguzi wa mwaka 1943 chama hicho kilipata viti 10, na miongoni mwa waliochaguliwa alikuwamo Joseph Blowick, mbunge mpya wa Mayo Kusini. Mwaka uliofuata Blowick alichukua uongozi wa chama kutoka kwa Donnellan. Mkulima aliyekuwa hajakaa bungeni hata miaka miwili akawa kiongozi wa chama cha wakulima.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo atazame jinsi wadogo hawa walivyopata mlango wa kuingilia. Ayalandi ilikuwa na utaratibu wa kura ambao kwao mpigakura huandika nambari mbele ya majina ya wagombea: huyu wa kwanza, yule wa pili, na kuendelea, na kila jimbo hutoa wabunge kadhaa, viti vikigawanywa kwa kadiri ya kura. Kwa utaratibu huo chama kidogo hakimezwi chote na kikubwa. De Valera alilifahamu jambo hilo vyema. Mwaka 1947 serikali yake iliongeza viti vya bunge kutoka 138 hadi 147 na kuzidisha majimbo yenye viti vitatu tu, ambamo vyama vidogo hupenya kwa shida. Kisha akaitisha uchaguzi mapema, mwezi Februari mwaka 1948, kabla wapinzani wapya hawajajipanga. Hila za wenye kiti hazina kabila wala rangi!

Hila hiyo haikumfaa. Fianna Fáil ilipata karibu asilimia 42 ya kura na viti 68. Kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote, lakini hakikuwa na nusu ya bunge. Waliobaki walikuwa wametawanyika: Fine Gael viti 31, Leba 14, Clann na Poblachta 10, Clann na Talmhan 7, National Labour 5, na wabunge 12 wasio na chama. De Valera, aliyekuwa ametawala miaka 16 mfululizo, alidhani kwamba watu hao hawataweza kuketi meza moja. Na ni nani ambaye angedhani vinginevyo? Wengine walikuwa matajiri na wengine vibarua. Leba wenyewe walikuwa wamegawanyika vipande viwili. Baya zaidi, kiongozi wa Fine Gael, Jenerali Richard Mulcahy, alikuwa amiri wa jeshi la serikali wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1922 na 1923, ambavyo katika hivyo wafungwa zaidi ya 70 waliuawa kwa risasi. Seán MacBride, kiongozi wa Clann na Poblachta, alikuwa amepigana upande uliouawa.

Basi Mulcahy alifanya nini? Alijiweka kando. Ndiye aliyekuwa na haki ya kuwa waziri mkuu kwa hesabu ya viti, lakini alipoona kwamba wenzake hawawezi kuketi chini yake, alimwachia kiti John A. Costello wa chama chake, yeye akakubali wizara ya elimu. Serikali ya vyama vitano na wabunge huru ikaundwa tarehe 18 Februari 1948. Joseph Blowick, mkulima wa Mayo, akawa Waziri wa Ardhi. Donnellan naye akapewa nafasi ya naibu katika wizara ya fedha.

Wananchi, sisi hatuwezi kupita hapa bila kutazama kwetu. Mwezi Desemba mwaka 1992, Wakenya walipopiga kura ya kwanza ya vyama vingi baada ya kufutwa kwa kifungu kile cha chama kimoja, Rais Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60. Ayalandi, aliyepata 42 alitoka. Kwetu, aliyepata 36 alibaki. Sababu moja ilikuwa sheria ya uchaguzi, iliyompa wote aliyetangulia hata kwa hatua moja. Sababu nyingine ilikuwa kwamba hapakuwa na Mulcahy miongoni mwetu. Mwaka 1997 tukarudia. Ilitupasa kungoja hadi mwaka 2002 ndipo wapinzani waliposimama nyuma ya mmoja, na Kibaki akapata asilimia 62. Miaka 10 ilipotea kwa sababu kila mkubwa alitaka kiti chenyewe, na kila kabila liliambiwa kwamba asipokuwa mtu wake basi heri asiwe mtu.

Lakini huo wa kuungana ni nusu ya funzo, na ni nusu ambayo imekwisha kusemwa mara nyingi. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu leo, nayo ni hii: Blowick alipoingia katika wizara ya ardhi, alikuta nini mezani?

Alikuta sheria iliyomkataza kugawa ardhi.

Msomaji asidhani kwamba kalamu yetu imeteleza. Kwa sheria ya Ayalandi ya mwaka 1933, mambo fulani yalitengwa mbali na mkono wa waziri na kuachiwa makamishna wa Tume ya Ardhi peke yao. Ni shamba la nani litakalochukuliwa. Ni bei gani atakayolipwa. Ni nani atakayepewa kipande. Na atakipata kwa bei gani: yote hayo waziri hakuruhusiwa kuyaamua. Waziri aliweza kutunga sera, kuomba fedha bungeni, kuleta miswada, kusimamia misitu. Hakuweza kuandika barua kusema, mpeni fulani ekari 30 kwa kuwa ni mtu wangu. Sheria ya mwaka 1950, iliyopitishwa Blowick mwenyewe akiwa waziri, haikuondoa kizuizi hicho.

Fikirieni jambo hilo, enyi wapenda haki. Hapa pana kiongozi wa chama kiitwacho Ukoo wa Ardhi, aliyechaguliwa na watu wanaolia ardhi, katika kaunti iliyozaa vita vya ardhi. Anapewa Wizara ya Ardhi, na sheria inamwambia: waziri, huna ruhusa ya kumpa mtu ardhi. Wapigakura wake wangeweza kusema kwamba wametapeliwa. Sisi twasema kwamba walilindwa. Kwa maana sheria iliyomfunga mikono Blowick ndiyo iliyokuwa imewafunga mikono waliomtangulia, na ndiyo iliyowafunga waliomfuata. Kama angeweza kuwapa watu wake mwaka 1949, basi mrithi wake wa Fianna Fáil angeweza kuwanyang'anya mwaka 1952. Aliyepewa kwa barua ya waziri hunyang'anywa kwa barua ya waziri.

Hatusemi kwamba Tume ile ilikuwa ya malaika. Ilikwenda kwa mwendo wa kobe, ilifanya mambo yake kwa siri, na kwa miaka mingi mafaili yake yalifichwa mbali na macho ya umma. Wabunge waliiandikia barua zisizo na idadi wakiwaombea watu wao, na vijijini watu waliendelea kuamini kwamba neno la mbunge laweza kufungua lango la shamba. Lakini kuna tofauti kati ya mbunge anayeomba na waziri anayeamuru. Anayeomba aweza kukataliwa.

Ndani ya mipaka hiyo, Blowick alifanya nini? Sheria yake ya mwaka 1950 iliweka msingi kwamba mwenye shamba linalochukuliwa alipwe bei ya soko, na ikairuhusu Tume kununua mashamba sokoni kwa fedha taslimu ili kuwapanga upya wale wenye vipande vilivyotapakaa. Hilo lilikuwa jambo la haki, maana mashamba yalikuwa yakilipiwa kwa hati za serikali ambazo bei yake ilipanda na kushuka. Katika misitu, serikali ile ilitangaza shabaha ya kupanda ekari 25,000 za miti kila mwaka, na wizara ya Blowick ndiyo iliyobebeshwa mzigo huo. Upandaji ukaongezeka, ingawa shabaha yenyewe haikufikiwa katika miaka yake. Miti hukua polepole kuliko miaka ya mawaziri.

Na je, ule mradi mkubwa wa kufufua mashamba, wa kutoa maji katika ekari milioni 4 zilizojaa tope, uliotangazwa mwaka 1949 kwa matazamio ya kutumia pauni milioni 40, na ambao ulitegemea fedha za msaada wa Marekani? Huo ulikuwa wa Wizara ya Kilimo, chini ya James Dillon, mbunge asiye na chama. Chama cha wakulima kilipewa ardhi. Kilimo kikapewa mwingine. Hapo ndipo penye somo kwa kila chama kidogo kinachokimbilia wizara kwa jina lake zuri bila kuuliza fedha zimekaa wapi.

Serikali ile ilianguka mwaka 1951. Watu wengi hukumbuka ule ugomvi wa Waziri wa Afya, Noël Browne, na maaskofu na madaktari, kuhusu matibabu ya bure kwa mama na mtoto. Ugomvi huo ulitikisa nyumba. Lakini waliovuta nguzo ya mwisho walikuwa wabunge wa vijijini walioiacha serikali kwa ajili ya bei ya maziwa. Oneni basi! Chama cha wakulima kilikuwa serikalini, mkulima alikuwa waziri, na serikali ikaondoshwa na malalamiko ya wakulima.

De Valera akarudi. Blowick akatoka ofisini, akarudi viti vya upinzani bila kelele, bila askari mlangoni, bila kuchomewa nyumba. Mwaka 1954 vyama vikaungana tena, na Costello na Blowick wakarudi kwenye viti vyao vilevile. Mwaka 1957 wakatolewa tena kwa kura. Mara nne kati ya mwaka 1948 na 1957 serikali ya Ayalandi ilibadilishana mikono, na kila mara aliyeshindwa alikwenda nyumbani na kulala. Nchi iliyokuwa imechinjana miaka 25 kabla ya hapo ilijifunza adabu hiyo, na wakulima wenye viti 7 walikuwa miongoni mwa waalimu wake.

Lakini watu wa Mayo walipata nini kwa miaka hiyo yote ya mtu wao kuwa waziri? Hesabu ya watu ndiyo shahidi asiyehongeka. Mwaka 1951 kaunti ya Mayo ilikuwa na watu wapatao 142,000. Mwaka 1961 walikuwa kama 123,000. Katika miaka hiyo 10, mtu wao aliketi katika baraza la mawaziri kwa muda wa miaka mitatu, na kaunti ikapoteza zaidi ya mmoja katika kila watu wanane. Ayalandi nzima iliwatoa watoto wake kama 400,000 katika miaka ya hamsini, wakaenda kujenga barabara na majumba ya Uingereza. Kiti cha waziri hakikufunga bandari.

Na chama chenyewe? Viti 10 mwaka 1943, 9 mwaka 1944, 7 mwaka 1948, 6 mwaka 1951, 5 mwaka 1954, 3 mwaka 1957, 2 mwaka 1961. Wawili hao wa mwisho walikuwa Donnellan, mwanzilishi, na Blowick, kiongozi. Donnellan alifariki mwaka 1964, na mwanawe alishinda kiti chake kwa tiketi ya Fine Gael. Blowick hakugombea tena mwaka 1965, na hapo Ukoo wa Ardhi ukatoweka bungeni. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1970. Chama kilichojengwa juu ya matumaini ya kumpeleka mtu wetu serikalini hakikuwa na kazi nyingine ya kufanya baada ya mtu wetu kufika.

Kuna watakaotuuliza: je, mwataka mkulima akae shambani, wizara waachiwe mawakili na wana wa wakubwa? La, hasha! Tunataka wakulima bungeni, na makuli, na akina mama wa sokoni. Tunalokataa ni udanganyifu wa kumwambia mwananchi kwamba kazi yake imekwisha siku mtu wake anapoapishwa. Anayekuambia hivyo anataka ulale ili yeye ale. Mkulima wa Mayo hakuwapa watu wake mashamba kwa sababu sheria haikumruhusu. Wa kwetu waliruhusiwa, na tazameni walichotenda.

Sheria tuliyorithi kwa mkoloni ilimpa mtawala uwezo wa kugawa ardhi ya serikali, na baada ya uhuru uwezo huo ukahamia kwa rais. Kiwino kikabaki palepale. Mkono ndio uliobadilika. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, ilieleza kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria katika miaka 40 iliyotangulia. Ardhi za shule, za misitu, za barabara, za makaburi! Kila kabila lilikuwa na mtu wake katika karamu hiyo. Je, ni wangapi katika watu wa makabila hayo walioonja hata mchuzi? Jirani ya aliyegawiwa msitu hakupata mti. Alipata ukame.

Kwa sababu hiyo Wakenya walipopitisha katiba mwezi Agosti mwaka 2010, waliweka Tume ya Taifa ya Ardhi isimamie ardhi ya umma. Hilo lilikuwa jambo la busara, na lilikuwa lilelile ambalo Waayalandi walilifahamu zamani. Na mara tu tume ilipoundwa, vuta nikuvute ikaanza kati yake na wizara, hata Mahakama ya Juu ikaombwa kutoa ushauri mwaka 2015 juu ya nani afanye nini. Ugomvi huo haukutushangaza. Mkono uliozoea kugawa hauachi kuwasha. Wala tume pekee haitoshi, maana makamishna nao ni binadamu, na mwenye fedha hujua njia ya kila ofisi. Lakini twauliza: wakati wa vuta nikuvute hiyo, wananchi walikuwa upande gani? Wengi walikuwa wakiuliza kwanza waziri ni wa kabila gani na mwenyekiti ni wa kabila gani. Wimbo ule ule!

Tena tusisahau mkataba wa mwaka 2002. Vyama vilivyounda muungano vilitia sahihi maafikiano kabla ya uchaguzi, na baada ya ushindi ugomvi ukazuka kwamba hayakutimizwa, hata muungano ukapasuka mbele ya kura ya maoni ya mwaka 2005. Muungano usio na masharti yanayojulikana na umma ni ndoa ya mkeka. Siku mkeka unapokunjwa, kila mtu huenda zake.

Basi sisi twatoa rai kwa kila mpenda mageuzi, awe wa chama kipi. Mgombea ajapo kwako akisema, nichagueni nikawe waziri wenu, usimwulize atakupa nini. Mwulize ni sheria gani atakayoitetea ambayo itamfunga yeye mwenyewe siku atakapokalia kiti hicho. Mwulize kama atakubali orodha ya kila kipande cha ardhi ya umma kitakachotolewa ibandikwe wazi, jina la aliyepewa na bei aliyolipa, hata akiwa shemeji yake. Mwulize, chama chake kikiingia katika muungano, masharti yake ni yapi na yameandikwa wapi. Akikujibu kwa kutaja jina la kabila lako, mwonyeshe njia.

Na wewe unayesubiri mtu wako afike juu akuvute, tazama Mayo. Mtu wao alifika, tena mara mbili. Kilichowafaa wao na adui zao sawasawa ni kura iliyohesabiwa kwa haki, na sheria iliyomwambia waziri: huna ruhusa. Hivyo viwili ndivyo vya kupigania, na havitaletwa na mtu mmoja kutoka kijiji kimoja. Vitaletwa na wengi waliokataa kulala.